Kabla ya Ndoana, Geuza Jiwe

Samaki huyu hana jina la Kiswahili ninalolijua. Hotelini ni trauti. Mjomba wangu, aliyezaliwa Isyonje, huku milimani Rungwe, na kuzeekea hapo hapo, humwita samaki wa baridi, na kwangu mimi jina hilo linatosha kumweleza.

Nilimwona kwa mara ya kwanza siku niliyopanda Isyonje kumpelekea mjomba koti nililomshonea. Nilimkuta uani ameinamia beseni. Ndani yake kulikuwa na samaki wa urefu wa shibiri moja na vidole vinne, mgongo wa kijani kilichokolea, madoa meusi madogo madogo yametapakaa mpaka mkiani, na ubavuni umepita mstari mpana wa waridi unaoanzia shavuni. Magamba yake ni madogo kiasi kwamba kidole hakiyahisi. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshika majora ya kila namna pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na bado rangi ile sikuweza kuifananisha na kitambaa chochote.

"Huyu umempata wapi, Mjomba?"

"Hapo bondeni, mtoni."

"Kiwira hii hii?"

"Hii hii, mama. Ila ni huku juu. Ukishuka nayo kwenda chini, humpati tena."

Miaka mitano imepita tangu siku hiyo. Wateja wangu wakiona ndoana kwenye kopo la vifungo huuliza, na wapo wanaotaka kuanza. Nimeeleza kwa mdomo mara nyingi, nikaona safari hii niandike.

Swali la kwanza huwa ni la vifaa. Fimbo gani, ndoana gani, shilingi ngapi. Mimi huliweka pembeni kwanza. Nimeona watu wakija na fimbo za bei kubwa kutoka Dar es Salaam na kuondoka mikono mitupu, na nimeona kijana wa kijijini akitoa samaki watatu kwa mwanzi. Tofauti yao ilikuwa kwamba kijana anajua maji yanafanya nini na nani anaishi ndani yake. Hilo ndilo la kujifunza mwanzo, na ni la bure.

Anza na baridi yenyewe. Trauti tuliye naye huku ni yule wa upinde wa mvua. Kwao ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, magharibi mwa Amerika ya Kaskazini na mashariki ya mbali ya Urusi. Aliletwa huku enzi za Mwingereza, na wazungu wa wakati huo walimleta kwa sababu walitaka kuvua milimani kwetu kama walivyovua kwao. Majirani zetu wa Kenya walitangulia. Kule trauti wa kwanza, wa aina ya kahawia, waliingizwa mtoni mwaka 1905. Mkoloni aliondoka, samaki akabaki, ila alibaki pale tu panapomfaa.

Panapomfaa ni penye hewa. Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka majini, na maji ya baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya uvuguvugu. Trauti anataka nyingi. Raha yake ni maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi. Yakizidi 20 anaanza kutaabika na kuacha kula, yakikaribia 25 anakufa. Sasa itazame Kiwira. Inaanzia kwenye milima ya Poroto na Rungwe, juu ya mita 2,000, maji yakiwa yanauma vidole. Inateremka, inapita chini ya Daraja la Mungu, inazidi kupata joto, na mwisho inaingia Ziwa Nyasa kule Kyela, mita 475 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Kule chini kuna perege na kambale, na mbasa hupanda mito kutoka ziwani kwenda kutaga. Huku juu kuna trauti. Mto ni mmoja, lakini hawa na wale hawakutani. Ndiyo maana pia watu wa Iringa wanampata Mufindi, kwenye vijito na mabwawa ya nchi ya chai, na ndiyo maana yupo kwenye vijito vya uwanda wa Kitulo, ambako mwezi wa sita na wa saba nyasi huamka zimeganda umande.

Miezi mitatu ya mwanzo sikupata hata mmoja. Nilikuwa nimenunua ndoana na mshipi Kyela, kwa wauzaji wa vifaa vya ziwani, na ndoana zenyewe zilikuwa za samaki mkubwa. Nilifunga chubwi zito, nikatia mnyoo mzima, nikasimama ukingoni juu ya kidimbwi kizuri kuliko vyote na kuzamisha. Kila Jumapili nilifanya hivyo, nikiwa nimevaa sweta langu jeupe. Mjomba hakusema neno. Wazee wa huku hawakukatizi, wanakuacha uchoke kwanza.

Siku moja akasema, "Leo fimbo inabaki nyumbani."

Tulitembea karibu saa nzima mpaka mahali ambapo mto unatoka kwenye kivuli cha miti na kutambaa juu ya mawe. Akaniambia nivue sweta, nijifunge khanga yangu ya rangi ya majani makavu mabegani, tulale kifudifudi nyuma ya jiwe kubwa. Akanionyesha kwa kidevu. "Lile jiwe lenye kuvu. Angalia nyuma yake."

Niliona maji. Nikaendelea kuona maji kwa muda mrefu sana. Kisha nikaona kivuli juu ya changarawe, kivuli kisichokuwa na kitu juu yake, na nilipokiangalia kivuli ndipo aliyekitoa akajitokeza: samaki amesimama majini, kichwa kinaelekea yanakotoka maji, mkia unapepea polepole kama mtu anayejipepea kwa mkeka. Hakuwa anaogelea kwenda popote. Mara akasogea kushoto, shibiri moja tu, mdomo ukafunguka, nikaona weupe wa ndani, ukafungwa, akarudi mahali pake. Baada ya kitambo kidogo akafanya tena. Nilihesabu mara kumi na moja kabla viwiko vyangu havijafa ganzi. Mjomba akasimama wima ghafla, makusudi, na samaki hakuwepo tena. Sikumwona hata alivyokwenda.

Yote niliyoyajua baadaye yalikuwa ndani ya saa ile. Trauti wa mtoni hasafiri kutafuta chakula. Husimama mahali pa kupumzikia, na mto unamletea. Kwa hiyo anatafuta pahali ambapo maji ni mapole lakini jirani yake yanakimbia: nyuma ya jiwe, mbele ya jiwe pia, chini ya ukingo uliolika, chini ya mzizi, kwenye kichwa cha kidimbwi ambapo maji ya haraka yanaingia kwenye maji yaliyotulia. Pale maji ya haraka na ya polepole yanapokutana hutokea mstari, mara nyingi wenye povu. Mimi nauita mshono. Ukiuona mshono umeona barabara ya chakula, na samaki hayuko mbali nao.

Na kwa kuwa anatazama yanakotoka maji, mkia wake uko upande yanakoelekea maji. Mvuvi anayeanza apande mto kwa kufuata nyuma yake, wala asishuke nao. Watu wengi huku hushuka, kwa sababu njia za miguu zinashuka, na kila hatua wanamfukuza samaki kabla hawajamfikia. Tena ukisimama wima ukingoni anakuona vizuri kuliko unavyodhani, maana mwanga hupinda unapoingia majini, na ule mpindo humwezesha kuona vilivyo juu ya ukingo ambavyo wewe ungesema vimefichika. Piga magoti. Vaa rangi za udongo na majani. Usitupe mguu kwa kishindo, kwa kuwa mwili wake una mstari wa hisia ubavuni unaopokea mtikisiko. Kuongea mnaweza, sauti ya mdomo haimsumbui sana. Mjomba hunisimulia habari za ukoo mzima tukiwa tumepiga magoti mita nne kutoka kwa samaki.

Jumapili iliyofuata pia fimbo ilibaki. Safari hii tuligeuza mawe.

Ukitaka kufanya hivi, chagua jiwe la ukubwa wa sahani, kwenye maji yanayokimbia yanayofika chini ya goti. Linyanyue taratibu, ligeuze, subiri maji yachuruzike. Mwanzo utaona utelezi tu. Kisha utelezi utaanza kutembea. Kuna kidudu bapa kama punje ya mtama iliyokandamizwa, mwenye miguu sita na mikia myembamba mirefu miwili au mitatu, anayeng'ang'ania jiwe na kukimbia kiubavu kukwepa mwanga. Kuna mwingine ambaye hutamjua kuwa ni kiumbe: kijibomba cha chembe za mchanga, kirefu kuliko punje ya mchele kidogo, kimegandishwa kwa hariri anayoitoa mwenyewe. Ndani yake amekaa buu laini. Nilikiweka kimoja kiganjani, nikakitazama kwa miwani ninayotungia uzi. Kila chembe ilikuwa imepangwa pembeni mwa mwenzake pasipo kuachwa tundu. Mimi nimejifunza ufundi miaka mingi, na kazi ile niliiheshimu.

Hawa ndio chakula. Wanaishi chini ya mawe miezi mingi, wengine hupoteza mshiko na kuchukuliwa na mkondo, na wakikomaa hupanda juu, huota mbawa na kuruka. Samaki yule wa nyuma ya jiwe lenye kuvu alikuwa anawaokota mmoja mmoja. Mnyoo wangu mnene kwenye ndoana ya ziwani, ukishuka kama jiwe kwenye kidimbwi, haukufanana na chochote alichowahi kula.

Sasa vifaa, na hapa ni haraka. Fimbo yangu ni mwanzi uliokaushwa kivulini miezi mitatu, urefu wa mita tatu na nusu, haina gurudumu la kukunjia mshipi. Mshipi umefungwa moja kwa moja kwenye ncha, nao una urefu wa fimbo na mkono mmoja zaidi. Wavuvi wa milimani Japani huvua hivyo tangu zamani, wanauita utaratibu huo tenkara, na kwa vijito vyembamba kama vyetu sioni haja ya kingine. Mshipi uwe wa nailoni mwembamba, wa kubeba kilo mbili hivi. Ndoana huhesabiwa kinyume na viatu, namba ikipanda ndoana inapungua, nawe unataka namba 10 hadi 14. Kile kijino cha nyuma ya ncha kiminye kwa koleo kilale, samaki atatoka bila kuchanika, na kidole chako pia. Kitu kimoja ambacho ningekununulia mapema ni miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji. Yangu niliipata kwenye mitumba. Ukitaka kujua kama ni yenyewe, itazame simu yako kupitia kioo chake huku ukiizungusha simu taratibu. Mara nyingi kioo cha simu kitatiwa giza. Isipotokea hivyo, hiyo huenda ni miwani nyeusi tu.

Chambo cha mwanzo kiwe panzi. Mvua zikiisha nyasi za ukingoni hujaa panzi, upepo unawaangusha mtoni, na trauti amewazoea. Panzi mdogo kwenye ndoana ndogo, bila chubwi, amewatoa watu wengi kwenye ukame wa mwanzo. Lakini mimi moyo wangu uko kwenye kidudu cha uzi, chambo cha bandia ninachokifunga mwenyewe, na naomba nikae hapo kidogo.

Naibana ndoana namba 12 mdomoni mwa koleo, kisha navisha rababendi kwenye mikono ya koleo ili isiachie, naisimamisha katikati ya vitabu viwili. Uzi ni wa cherehani, mweusi, ule ule ninaoshonea sare za shule. Nauzungusha kutoka karibu na tundu mpaka pale shina la ndoana linapoanza kupinda. Hapo nafunga nyuzi tatu za unyoya ziwe mkia. Halafu nachukua uzi wa sweta wa kahawia, nauchambua mpaka unabaki mwembamba kama unywele, nauviringisha kurudi mbele, mwembamba mkiani na mnene kidogo kifuani, kwa kuwa ndivyo alivyo yule wa chini ya jiwe. Shingoni naviringisha unyoya mara mbili, si zaidi. Nikitaka kidudu kizame natumia unyoya wa kuku jike, ambao ni laini na huchezacheza majini kama miguu. Nikitaka kielee natumia unyoya wa shingo ya jogoo, mgumu, unaosimama juu ya maji. Fundo tatu, tone la rangi ya kucha juu yake, kikauke. Dakika kumi. Vya mwanzo vilikuwa vinene, na samaki walivisogelea wakavikataa. Kila nilipopunguza uzi walisogea karibu zaidi.

Kukitupa ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Hutupi mbali. Unapiga magoti upande wa chini wa samaki, unaurusha mshipi mbele yake, juu ya mahali alipo, na kidudu kinashuka na maji kumwendea. Kazi yako yote kuanzia hapo ni kuhakikisha kinakwenda kwa mwendo wa maji, hakivutwi na mshipi. Kwa hiyo inua fimbo, mshipi mwingi ukae hewani, kidogo tu uguse maji. Kidudu kikivutwa hata kwa urefu wa ukucha, samaki anajua. Na akikichukua hutahisi kitu mkononi. Utaona mshipi umesita pale ulipoingia majini. Ukisita, nyanyua kifundo cha mkono. Usisubiri, anakitema kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Wa kwanza nilimpata mwezi wa saba, saa tano asubuhi. Mwezi huo hakuna maana ya kuwahi alfajiri, maji yanakuwa ya baridi mno na vidudu havijachangamka. Subiri jua lifike mtoni. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe, khanga imelowa, mjomba nyuma yangu. Kidudu kilipita ubavuni mwa jiwe mara nne bila kitu. Mara ya tano mshipi ukasita, nikanyanyua, na mwanzi ukawa na uhai. Sijui niseme vipi. Ulikuwa unatetemeka mpaka begani kwangu. Samaki akakimbilia mzizi. Nilitaka kumvuta.

"Mwache aende," mjomba akasema. "Wewe mfuate kwa miguu."

Nikamfuata, maji yakanifika mapajani, nikamweka mbali na mzizi mpaka alipochoka na kulala ubavu. Nililowesha mikono kabla ya kumshika, kama nilivyofundishwa, maana mkono mkavu humwondolea ute unaomlinda na maradhi. Alikuwa shibiri kasoro. Ule waridi ubavuni ulikuwa unang'aa kuliko wa yule wa kwenye beseni, kwa sababu huyu alikuwa hai. Nikasema "Ndaga fijo, Mjomba," yaani asante sana, naye akacheka, kwani Kinyakyusa changu cha mjini huwa nakificha.

Huyo tulimla. Trauti hahitaji kukwanguliwa magamba. Unampasua tumbo, unaondoa matumbo na ile damu nyeusi kwenye uti, unatia chumvi, unambanika kwenye makaa, pembeni viazi vya Isyonje vilivyochemshwa na maganda yake. Wengi ninaowapata sasa nawarudisha. Nachukua wawili nikiwa na wageni, na ninayemchukua namgonga kichwani mara moja kwa kijiti, hapo hapo, asihangaike. Anayerudishwa asikae nje ya maji zaidi ya pumzi yako mwenyewe unayoweza kuizuia.

Jambo moja sitalilegeza: usimhamishe akiwa hai kwenda kijito kingine, hata kama kijito hicho kipo kijijini kwenu na unawatakia mema. Huyu ni mgeni anayekula vidudu, vyura wadogo na samaki wadogo. Alipokwisha kuwepo yupo, lakini milima hii ina viumbe ambao hawapo kwingine duniani. Kima kipunji wa Rungwe alijulikana kwa wanasayansi miaka ya 2000 tu, ingawa wawindaji wa huku walimjua zamani. Vijito ambavyo trauti hajafika viachwe hivyo.

Kabla hujashuka mtoni, ulizia. Uvuvi una sheria yake, ya mwaka 2003, na leseni ni kitu cha kweli. Anza na afisa uvuvi wa wilaya. Eneo likiwa ndani ya msitu wa serikali, pita ofisi ya msitu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hivyo kule usifungue begi la mshipi kabla hujazungumza na watu wa getini. Na ukifika kijijini, pita ofisi ya kijiji, salimia, jieleze. Mvuvi aliyejitambulisha huonyeshwa vidimbwi ambavyo asingevipata kwa mwaka mzima.

Kuhusu mto wenyewe, mwezi wa tano mpaka wa kumi ndio wakati wa anayeanza, maji yameshuka na yanaonyesha chini. Masika usiende. Mvua inaweza kunyesha Rungwe wewe ukiwa kwenye jua, na mto ukaja juu wakati unafunga ndoana. Maji yakianza kubeba majani na kugeuka rangi, toka, usimalizie mtupo. Gambuti nilizivaa msimu wa kwanza, nikateleza, zikajaa maji, na nilipotaka kutoka mtoni uzito ule ulinizuia kunyanyua miguu mpaka mjomba aliponivuta kwa kola ya koti. Tangu hapo navaa raba za kamba na soksi za sufu, nalowa na naendelea. Siendi peke yangu.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa sita, tulifika mahali petu pa siku zote na hatukuona kivuli hata kimoja juu ya changarawe. Mshono ulikuwepo na povu lake, jiwe lenye kuvu lilikuwepo. Mjomba akageuza jiwe. Utelezi haukutembea. Akageuza la pili, nami nikageuza la tatu, tukaenda tunageuza kupanda juu mita kama mia mbili, na chini ya kila jiwe vile vijibomba vya mchanga vilikuwa vitupu au vina buu aliyelegea na kugeuka rangi ya kijivu. Kwenye kona tukakuta mahali ambapo nyasi za ukingoni zilikuwa zimekanyagwa na kuungua, na pakiti mbili tupu za dawa ya wadudu. Mtu alikuwa amemaliza kupuliza viazi na kuja kuosha bomba lake mtoni.

Nililia, na sioni aibu kuliandika. Mjomba hakulia. Alizikunja zile pakiti, akaziweka mfukoni, akaenda mpaka kwa mwenye shamba, ambaye ni jirani na mtu mwema, ana watoto watano na viazi vyake vilikuwa vinaliwa. Hakuwa anajua. Alidhani mto unabeba kila kitu na kukipeleka mbali. Walikaa mchana mzima. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru kingo za mto, zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo hizo, lakini mjomba hakuanza na sheria. Alimchukua yule jirani mpaka mtoni, akageuza jiwe, kisha akampeleka juu zaidi, juu ya shamba, akageuza jiwe lingine lililojaa uhai, akayaweka yote mawili mbele yake. Jirani akauliza mambo mengi. Akauliza kama ng'ombe wake wanaokunywa chini ya hapo wako salama. Siku hizi anaoshea bomba shambani, anamwagia yale maji kwenye viazi vyenyewe, na ukingoni ameacha nyasi zikue mpaka kiunoni. Kingo zikiwa tupu, udongo huteremka na mvua na kuziba changarawe ambamo trauti hutaga, na mayai yake yanakosa hewa. Nyasi zile zinazuia hilo.

Msimu ule hatukuvua pale. Wala msimu uliofuata. Tulikuwa tunapita, tunageuza jiwe moja, tunalirudisha lilivyokuwa, tunapanda juu.

Mwezi wa tisa uliopita niligeuza mimi. Ilikuwa karibu saa nne, jua ndiyo kwanza limegusa maji. Nililishika jiwe kiganjani nikasubiri lichuruzike. Kidudu bapa mmoja alikimbia kiubavu akajificha upande wa pili. Nikaligeuza tena, wapo watatu. Kwenye kibonde kidogo cha jiwe kulikuwa na kijibomba cha mchanga, kifupi, nusu ya vile vya zamani, chembe zake bado safi, na mbele yake kikatokea kichwa cheusi kidogo na miguu miwili ikaanza kutafuta pa kushika.

Nilimwita mjomba. Aliinama akatazama kwa muda, magoti yake siku hizi yanamsumbua, akaegemea bega langu. Halafu akanyanyua macho kuelekea jiwe lenye kuvu.

"Lirudishe taratibu, mama," akasema. "Kisha funga mshipi."